Klachi iliyobadilishwa uani bila vifaa vya gereji: uchambuzi wa kisa kimoja

Kisa hiki ni cha mwenye gari mmoja aliyeamua kubadilisha klachi mwenyewe, nyumbani kwake, akisaidiwa na mpwa wake. Hakuwa na jeki ya giaboksi, wala chuma cha kuning'inizia injini, wala kile kipini cha plastiki cha kusawazishia klachi pleti, ile sahani inayobanwa ili kupeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi. Mimi ni fundi. Niliifuatilia kazi hiyo kwa simu na picha tangu mwanzo, na ilipokwisha nililiona gari na kuliendesha. Majina, mahali na aina ya gari nimeviondoa.

Nakiandika kwa sababu karibu kila anayeniuliza kuhusu kazi hii huuliza vifaa: sina hiki, nitumie nini? Swali hilo lina majibu, na mengi yamo humu. Lakini kilichowasumbua watu hawa wawili mara zote hakikuwa kifaa. Kilikuwa uzito: giaboksi, injini, na hata shina la gurudumu (kile chuma kinacholibeba gurudumu), vyote vinataka kushikiliwa mahali pake huku mikono ikifanya kazi nyingine.

Gari na mwenyewe

Gari ni dogo, la kuvuta kwa magurudumu ya mbele, injini imelala kwa upana, giaboksi ya kawaida ya gia 5. Klachi yake inasukumwa kwa oili, na silinda ndogo ya klachi iko nje ya giaboksi. Jambo hilo la mwisho lina uzito wake katika kisa hiki. Flaiwili, gurudumu zito la chuma nyuma ya injini ambalo klachi hufungwa juu yake, ni ya kipande kimoja. Giaboksi inaweza kutoka kwa chini bila kushusha ile fremu ndogo inayobeba injini na mikono ya magurudumu.

Mwenye gari si fundi kwa kazi, lakini alikwisha kubadilisha breki, boli jointi (kiungo kati ya mkono wa gurudumu na shina lake) na draivu shafti (shafti inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi gurudumu) kwa mikono yake. Alikuwa na jeki ya magurudumu, jeki ndogo ya gari, stendi nne, soketi za kutosha, bomba refu la kuongezea nguvu, na sakafu ngumu ya saruji iliyonyooka. Kifaa kimoja tu alikiazima: toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza. Mengine alisema atayatafutia njia.

Dalili, na kwa nini hakukimbilia kununua klachi

Gari lilianza kukosa nguvu mlimani. Injini inanguruma, mshale wa mizunguko unapanda, lakini mwendo haupandi nao. Harufu ya kuungua ilifuata. Alilijaribu kwenye barabara iliyonyooka: gia ya 4, mwendo mdogo, kisha mafuta hadi mwisho. Mizunguko iliruka peke yake. Hapo klachi inateleza, hakuna ubishi, na jaribio hilo halirudiwi mara kwa mara kwa sababu kila mara linaichoma zaidi.

Lakini klachi kuteleza si lazima pleti iwe imekwisha. Rilizi beringi, ile beringi inayosukumwa ili klachi iachie, ikibaki imesukumwa wakati mguu hauko kwenye pedali, presha pleti, bati lenye springi linaloibana klachi pleti kwenye flaiwili, haibani kwa nguvu yake yote. Kwa gari la kebo, kebo iliyokazwa mno inatosha kuleta hali hiyo. Kwa hili la oili, aliangalia mambo mawili: pedali inarudi juu kabisa, na fimbo ya silinda ndogo inarudi ndani ikisukumwa kwa mkono. Vyote vilikuwa sawa. Ndipo akanunua seti nzima: klachi pleti, presha pleti na rilizi beringi. Kubadilisha kimoja na kuacha viwili ni kujitafutia kazi ya pili, maana jasho lote liko kwenye kushusha giaboksi, si kwenye kufunga pleti.

Kufungua

Walianza inavyotakiwa. Betri ilifunguliwa kwanza upande wa hasi, kwa kuwa waya mnene wa stata una umeme wakati wote na stata lazima itoke. Magurudumu ya nyuma yaliwekewa vigogo, gari likakaa juu ya stendi, na sheria ikawa moja: hakuna anayeingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Kabla ya kumwaga oili ya gia, mwenye gari alilegeza kwanza plagi ya juu, ya kujazia. Nimewaona watu wakimwaga oili yote, kisha plagi ya kujazia ikagoma, wakabaki na giaboksi kavu isiyojazika. Yake ililegea, akaendelea.

Silinda ndogo ya klachi haikufunguliwa bomba. Ilitolewa kwenye giaboksi ikiwa na oili yake na kufungwa kando kwa waya. Mpwa aliuliza swali zuri:

"Mjomba, mtu akikanyaga klachi sasa hivi itakuwaje?"

"Pistoni itatoka nje yote, oili imwagike. Tafuta kipande cha ubao ukitie chini ya pedali."

Ubao ule ulikaa pale mpaka mwisho wa kazi, na hawakuhitaji kutoa hewa kwenye mfumo.

Kuhusu draivu shafti, alifanya uamuzi uliokuja kuleta maneno baadaye. Nati kubwa ya habu, kitovu cha gurudumu, hukazwa kwa nguvu nyingi, na hakutaka kuigusa. Badala yake aliachanisha boli jointi ya chini, akavuta shina lote la gurudumu nje, na shafti ikachomoka upande wa giaboksi huku upande wa pili ukibaki kwenye habu. Shafti alizifunga juu kwa waya. Kwenye matundu mawili zilikotoka alisokomeza vijiti vya mti vilivyochongwa vikakaa sawa. Vinazuia uchafu, na kwenye giaboksi nyingine vinazuia gia ndogo za difrensha (sehemu inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili) zisianguke ndani wakati shafti zote mbili zimetoka. Ni jambo dogo, nami nimeona giaboksi ikipasuliwa kwa sababu ya kulisahau.

Giaboksi ikitoka, na injini imepoteza maunti (kishikio chake) ya upande mmoja, injini itaning'inia na kuvunja mabomba. Walilaza boriti ya mti mgumu juu ya chumba cha injini, ncha zake zikikaa kwenye kingo imara za bodi karibu na shokapu, si juu ya bati la madigadi. Mnyororo ulishuka kutoka kwenye boriti hadi kwenye sikio la kunyanyulia injini. Jeki ndogo, na ubao juu yake, iliwekwa chini ya sampu (bakuli la oili la injini) kama ulinzi wa pili.

Giaboksi inashuka

Giaboksi za magari madogo ya aina hii huwa na kilo 30 hadi 45 hivi. Mtu mwenye nguvu anaweza kuubeba uzito huo akiwa amesimama. Akiwa amelala chali, mikono imenyooka, kitu chenyewe hakina pa kushika, ni habari nyingine.

Waliweka jeki ya magurudumu chini ya giaboksi na kulegeza bolti za mwisho. Kichwa cha jeki ni duara dogo. Tumbo la giaboksi lina mabonde na vilima, na uzito wake umeegemea upande wa difrensha. Giaboksi ilipoachia zile pini mbili za kuielekeza, iligeuka. Kwa muda uzito wote ulining'inia kwenye shafti yake, ndani ya klachi pleti. Kisha ikateleza kutoka kwenye jeki na kuangukia tairi kuukuu ambalo mpwa alikuwa ameliweka chini. Hakuna aliyeumia, kwa sababu wote wawili walikuwa pembeni, mmoja kwenye mpini wa jeki na mwingine akisukuma kwa mtaimbo.

Pleti ya zamani ingetupwa hata hivyo, kwa hiyo hasara haikuwepo. Lakini giaboksi ikining'inia hivyo wakati wa kurudisha, katikati ya pleti mpya pangepinda, na pleti iliyopinda haiachii vizuri: gia zinagoma kuingia ilhali kila kitu ni kipya. Mwenye gari alinipigia simu hapo, nikamwambia asirudishe kitu chochote mpaka atengeneze kitanda. Jioni ile walichonga kipande cha ubao mnene, wakapigilia vijiti vinavyofuata umbo la tumbo la giaboksi, wakakifunga ubao kwenye jeki na giaboksi kwenye ubao kwa mkanda wa kufungia mizigo.

Kilichokutwa ndani

Pleti ilikuwa imekwisha karibu kufikia ribiti, vile vipini vinavyoshikilia tabaka lake la kusugua. Wengi wangeishia hapo: chanzo kimejulikana, funga mpya. Yeye alipitisha kidole chini ya flaiwili, kikatoka kimeloa.

Oili inayofika kwenye klachi ina njia kuu mbili, na lazima ujue ni ipi. Oili ya gia ni nzito na ina harufu kali ya kiberiti. Ikitoka utaikuta kwenye mdomo wa giaboksi, kuzunguka shafti. Oili ya injini iliyotumika ni nyepesi, nyeusi, na itatiririka kutoka nyuma ya flaiwili. Hapa mdomo wa giaboksi ulikuwa mkavu kuzunguka shafti. Mstari mweusi uliteremka kutoka katikati ya flaiwili kwa nyuma. Ilikuwa sili ya krenki, ule mpira unaozuia oili pale krenki, shafti kuu ya injini, inapotokea nyuma.

Vumbi la klachi walilifuta kwa kitambaa kilicholowa, hawakulipuliza. Pleti nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na si rahisi kujua gari kuukuu limefungwa nini.

Uamuzi wa kusimamisha kazi ulikuwa mgumu kwake. Alikuwa na klachi mpya mkononi na giaboksi sakafuni, akanambia, "Fundi, inavuja kidogo tu." Nilimjibu kwamba itavuja juu ya pleti mpya. Akaitoa flaiwili, kwanza akitia alama ya rangi kwenye flaiwili na kwenye krenki, maana matundu ya bolti mara nyingi hayalingani kwa makusudi. Ili isizunguke, alikata bapa la chuma lenye matundu mawili, tundu moja likaingia bolti ya presha pleti na lingine bolti kwenye ubavu wa injini. Kitabu cha gari lake kilitaka bolti mpya za flaiwili, akanunua mpya.

Sili ya zamani aliitoa kwa kutia skrubu ndogo kwenye uso wake na kuvuta kwa koleo. Bisibisi ingeweza kukwaruza krenki, na mkwaruzo huo ungevujisha hata sili mpya. Mpya aliisukuma kidogo kidogo kwa kipande cha ubao, akigonga kuzunguka, mpaka ikalingana na ukingo.

Flaiwili ilikuwa na madoa ya buluu, alama ya joto kali, na ukucha ulikwama kwenye ukingo wa sehemu iliyolika. Aliipeleka ikachongwe kwenye mashine. Nilimsihi amwambie mchongaji jambo moja: kama flaiwili ina ngazi kati ya uso wa kusugua na sehemu presha pleti inapofungwa, zote mbili zichongwe kwa kiasi kile kile. Ukichonga uso peke yake, nguvu ya presha pleti inabadilika.

Kusawazisha pleti kwa kijiti

Hii ndiyo sehemu inayoogopwa kuliko zote, na kwao ilikuwa rahisi kuliko zote. Klachi pleti hubanwa kati ya flaiwili na presha pleti. Kabla haijabanwa inacheza, ikishabanwa haisogei. Kama haikukaa katikati kabisa, shafti ya giaboksi haitapenya.

Walichukua kipande cha mpini wa ufagio, wakaipunguza ncha kwa msasa mpaka ikaingia kwenye tundu la katikati ya krenki, kisha wakaviringisha tepu sehemu ya juu mpaka ikabana kwenye meno ya pleti. Tepu iliviringishwa sawasawa. Ikizidi upande mmoja kijiti kinadanganya. Upande wa pleti wenye springi zilizojitokeza ulielekea giaboksi, na mwenye gari alihakikisha kwa maandishi yaliyopigwa kwenye pleti yenyewe. Flaiwili na uso wa presha pleti vilifutwa kwa dawa ya kusafishia breki, kwani presha pleti mpya hupakwa mafuta ya kuzuia kutu. Grisi kwenye meno ya shafti ilikuwa utando tu. Ikizidi, inarushwa kwenye pleti.

Bolti za presha pleti zilikazwa kwa kuvuka, moja na ya mkabala wake, nusu mzunguko kila zamu, ili bati lisipinde. Kwa magari mengi yenye bolti za milimita 8 nguvu ya mwisho huwa kati ya Nm 19 na 25, ila kitabu cha gari husika ndicho chenye neno la mwisho. Kabla ya kukaza kabisa walichungulia kwa tochi: nafasi kati ya ncha za vidole vya presha pleti (springi bapa za katikati yake) na kitovu cha pleti ilikuwa sawa pande zote.

Kurudisha: sentimita moja iliyogoma

Safari hii giaboksi ilipanda juu ya kitanda chake, imefungwa mkanda. Ilisogea vizuri, shafti ikaingia kwenye meno, kisha ikasimama. Ilibaki nafasi ya unene wa kidole kati ya mdomo wa giaboksi na injini.

Mpwa alikwisha kushika spana. "Mjomba, tutie bolti ndefu tuivute." Mwenye gari alizitia, akakaza kwa mkono tu, akahisi ukinzani usiofanana na wa nyuzi za bolti, akaacha. Hilo kwangu ndilo tendo bora la kazi nzima. Bolti zinaweza kuivuta giaboksi, ndiyo, zikaivuta mpaka sikio la alumini likapasuka au pleti ikapinda.

Alipima nafasi kwa kidole: juu kidole kilipita, chini hakikupita. Kwa hiyo tatizo halikuwa kijiti. Ungekuwa usawazishaji, nafasi isingekuwa na tofauti ya juu na chini namna ile. Tatizo lilikuwa pembe. Injini ilikuwa imening'inizwa juu mno upande ule. Waliilegeza jeki ya sampu na mnyororo kidogo, wakatoa bolti mbili za giaboksi na kuweka mahali pake bolti ndefu zilizokatwa vichwa, zikawa reli. Giaboksi ilitiwa gia, mpwa akazungusha krenki taratibu kwa soketi kwenye puli, mwenye gari akisukuma. Meno yalikutana, ikaingia hadi mwisho bila bolti hata moja kukazwa.

Matokeo

Klachi ilishika vizuri, gia zikaingia bila kelele, pamoja na ya nyuma. Kulikuwa na mtetemo mdogo wakati wa kuondoka siku za mwanzo, ukaisha wenyewe pleti ilipozoea uso mpya. Alishauriwa aendeshe kwa upole kilomita 500 hadi 800 za kwanza, bila kuvuta mzigo wala kuondoka kwa fujo, akafuata.

Lakini siku chache baadaye kulikuwa na matone ya oili ya gia sakafuni, upande wa kulia. Mdomo wa sili ya draivu shafti ulikuwa umechanwa. Ilibidi gurudumu litoke tena, boli jointi iachane tena, sili mpya ifungwe na oili iongezwe.

Uchambuzi

Ukitazama mabaya mawili ya kisa hiki, giaboksi kuanguka na sili kuchanwa, yana baba mmoja. Kuanguka kunaeleweka: kitanda kilitengenezwa baada ya tukio badala ya kabla. Sili inataka kutazamwa zaidi. Alipoamua kutogusa nati ya habu, aliokoa jasho la kufungua, lakini wakati wa kurudisha alikuwa akiiongoza shafti huku shina zima la gurudumu likining'inia upande wa pili. Huwezi kupitisha meno makali ya shafti kwenye mpira laini kwa utulivu ukiwa umebeba mzigo huo. Uamuzi wenyewe haukuwa mbaya. Ulikosa kigogo au jeki ndogo ya kulishikilia shina, na mtu wa pili wa kuangalia shafti ikiingia. Tena sili za shafti ni vitu vidogo; giaboksi ikiwa sakafuni zibadilishwe tu, zikipakwa grisi mdomoni kabla ya shafti kupita.

Hata sentimita iliyogoma ilikuwa habari ya uzito, injini iliyonyanyuliwa kupita kiasi. Tofauti ni kwamba pale walisimama na kupima.

Vifaa mbadala vilifanya kazi bila lawama: mpini wa ufagio, bapa la kuzuia flaiwili, bolti zilizokatwa vichwa. Bolti hizo ningezitumia hata gereji yenye kila kitu. Toki renchi peke yake sioni cha kuiweka mahali pake, na alifanya vyema kuiazima.

Sili ya krenki ndiyo iliyookoa kazi nzima. Bila kuibadilisha, gari lingerudi kuteleza na lawama ingeangukia klachi mpya. Yeyote anayefungua giaboksi nyumbani ajipangie siku ya ziada kwa ajili ya atakachokikuta ndani, na gari lisiwe linahitajika kesho yake asubuhi. Haraka ndiyo inayomfanya mtu aone "inavuja kidogo tu".

Kufanya kazi hii peke yako siikubali, hata kwa mwenye uzoefu.

Na si kila gari linafaa. Kama silinda ya klachi iko ndani ya giaboksi, pamoja na rilizi beringi, lazima ibadilishwe papo hapo na hewa itolewe. Flaiwili ya vipande viwili haichongwi kama hii. Hupimwa mchezo wake na mara nyingi hubadilishwa. Presha pleti zinazojirekebisha zenyewe zinadai kifaa chake cha kuzibana wakati wa kufunga, na hapo mpini wa ufagio hausaidii. Na gari ambalo giaboksi haitoki mpaka fremu ndogo ishuke, hilo lipelekwe penye lifti, kwa sababu kinachoshuka ni fremu, mikono ya magurudumu na usukani pamoja, na jeki ya uani haina pa kuvishikilia vyote.